Mchoro Uko Bukavu, Mashine Iko Kamituga

KAMITUGA, Kivu ya Kusini – Mashine za kusaga mawe ya dhahabu zinapiga kelele mchana kutwa katika mji huu. Mapipa ya chuma yanazunguka, goroli nzito zinagongana ndani yake, na jiwe gumu lililotolewa shimoni linageuka kuwa unga. Siku mashine ikinyamaza, watu wengi wanalala njaa: mwenye mashine, kijana anayeilisha mawe, mchimbaji anayengoja unga wake uoshwe, mama anayeuza fufu na sombe kando ya njia, na baba aliyekimbia vita ambaye amepata kibarua cha kubeba mifuko.

Mashine ikivunjika, swali la kwanza huwa ni pesa. Swali la pili ndilo linalochelewesha kazi: vipimo vyake viko wapi? Nani anajua unene wa chuma kile, upana wa tundu lile, urefu wa mkanda ule? Mara nyingi jibu ni kwamba anayejua yuko Bukavu, au alikuwa Bukavu na sasa hajulikani aliko.

Hiyo ndiyo habari ya leo kwa mafundi, kwa wenye mashine, na kwa familia zilizohama na kazi yao mkononi. Ateliye mbili zinazofanya kazi moja katika miji miwili zinahitaji hazina moja ya michoro na vipimo. Bila hiyo, kila upande unatengeneza chuma chake, na vyuma viwili vinapokutana havikubaliani.

Mashine hizi zilivyoingia

Wazee wa Kamituga wanakumbuka wakati ambapo mawe yalitwangwa kwa mikono tu. Kazi hiyo ilikuwa ya akina mama, wale wanaoitwa mama twangaise. Walikaa na kinu cha chuma na mchi, wakatwanga kutwa nzima, na mshahara wao ukawa ada ya shule ya watoto. Mashine zilipoanza kuenea katika miaka ya 2010, akina mama hao walilalamika kwamba mkate wao unachukuliwa. Walikuwa na haki ya kulalamika, na mjadala huo haujafungwa mpaka leo.

Mashine yenyewe haina siri kubwa. Ni pipa la tole nene lililolazwa. Kila upande wa pipa una chuma cha mviringo, yaani aksi, inayokaa ndani ya rulema ili pipa lizunguke bila kukwaruza. Mota ya mafuta inavuta mkanda, mkanda unazungusha puli, puli inazungusha pipa. Ndani mnawekwa mawe na goroli za chuma.

Lakini kila kitu hapo kina kipimo chake. Rulema yenye namba 6212 inapokea aksi ya milimita 60. Yenye namba 6213 inapokea aksi ya milimita 65. Fundi mzoefu anajua kanuni: katika rulema za namna hiyo, kuanzia zile zinazoishia na 04, chukua namba mbili za mwisho, zidisha kwa 5, utapata upana wa aksi kwa milimita. Mkanda wa aina B una upana wa milimita 17, na wa aina C una milimita 22. Ukiweka mmoja mahali pa mwingine, ama utazama kwenye puli ama utapanda juu na kuruka. Tofauti ya milimita 5 haionekani kwa jicho la mtu aliyechoka. Pipa lenye uzito wote ule linaiona mara moja.

Njia ilipokatika

Kutoka Bukavu mpaka Kamituga ni karibu kilomita 180 kwa barabara ya taifa namba 2, kupitia Walungu na Mwenga. Hata wakati wa amani, msimu wa mvua uligeuza safari hiyo kuwa ya siku nyingi, na malori yalilala kwenye matope. Kwa hiyo kazi iligawanyika. Vitu vilivyohitaji mashine ya kukereza chuma au tole nzito vilitengenezwa Bukavu, kwenye umeme na maduka ya vyuma. Vitu vya kuunganisha, kuchomelea na kurekebisha vilifanyiwa Kamituga, karibu na shimo. Simu ilikuwa daraja: picha moja, sauti moja, na mzigo unapandishwa kwenye lori au nyuma ya pikipiki ya motari.

Februari 2025, wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulikuwa umekwisha kuanguka. Mabenki yakafunga milango. Kamituga ikabaki upande mwingine wa mstari wa vita. Familia zikatawanyika: wengine walivuka kwenda Burundi au Rwanda, wengine walishuka Uvira, wengine wakarudi vijijini kwa wazazi, na wengine wakafuata njia ya machimbo.

Fundi anayekimbia huchukua watoto, godoro, sufuria na simu. Daftari la vipimo linabaki kwenye sanduku la vyombo. Kompyuta, kama ipo, inabaki au inaporwa. Vipimo vilivyoandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa ateliye haviwezi kubebwa. Kwa siku moja, kazi ya miaka kumi inabaki nyuma ya mlango uliofungwa.

Mfano wa ndugu wawili

Tuchukue mfano. Si habari ya watu fulani. Ni mfano wa jambo ambalo fundi yeyote atalitambua.

Ndugu wawili wana ateliye mbili. Mkubwa yuko Bukavu, mdogo yuko Kamituga. Mwaka mmoja mkubwa anaona kwamba aksi ya milimita 60 inapinda haraka kwenye mashine zinazosaga mawe magumu. Anabadilisha: kuanzia hapo anatengeneza aksi za milimita 65. Ni uamuzi mzuri. Anauandika kwenye daftari lake, lakini kumweleza mdogo wake anasahau, au anamweleza kwa simu wakati rezo inakatika.

Mdogo ana picha ya zamani kwenye simu yake. Picha inasema 60. Vita vinafika, njia inafungwa, na mzigo wa mwisho uliopita ni aksi mbili zilizoagizwa na mteja wa Kamituga. Mdogo tayari amenunua rulema za 60 sokoni kwa bei ya vita, kwa dola alizokopa.

“Yaya, hii aksi haiingii,” anasema kwenye simu rezo iliporudi.

“Haiwezi kuingia kwenye rulema ya zamani, mdogo wangu. Tulibadilisha.”

“Tulibadilisha lini? Mimi nilikuwa wapi?”

Sasa mdogo ana njia tatu, zote mbaya. Anaweza kununua rulema nyingine, lakini pesa zimekwisha. Anaweza kusubiri aksi nyingine, lakini njia imefungwa. Au anaweza kusaga aksi kwa mkono na mashine ndogo ya kukata mpaka iingie. Mteja anapiga kelele, watoto wanadai chakula, kwa hiyo anachagua njia ya tatu. Aksi iliyosagwa kwa mkono haiwi mviringo kamili. Inacheza ndani ya rulema, inatikisa pipa, kiungo cha kuchomelea kinapasuka. Ikiwa mtu amesimama karibu siku hiyo, hasara haiwi ya pesa tu.

Hakuna mwizi katika habari hii, na hakuna fundi mbaya. Kilichokosekana ni mahali pamoja ambapo ndugu wote wawili wangeona kitu kilekile, siku ileile.

Hata wakubwa wameanguka hapo

Mtu asifikiri kwamba jambo hili ni la mafundi maskini wa Kivu peke yao. Kampuni ya Airbus ya Ulaya ilipounda ndege kubwa kuliko zote za abiria, A380, kazi iligawanywa kati ya viwanda vya nchi kadhaa. Wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, na wale wa Toulouse, Ufaransa, walichora kwa programu moja kwa jina, CATIA, lakini kwa matoleo mawili tofauti: upande mmoja toleo la 4, upande mwingine toleo la 5. Ndege moja ina mamia ya kilomita za nyaya za umeme. Nyaya zilizoandaliwa Hamburg zilipofika Toulouse kuingizwa kwenye ndege, nyingine zilikuwa fupi.

Mwaka 2006 kampuni ilibidi itangaze ucheleweshaji uliofikia karibu miaka 2, na hasara ya mabilioni ya yuro. Wakuu waliondolewa kazini. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa Singapore Airlines Oktoba 2007. Watu hao walikuwa na umeme, intaneti na barabara za lami, wala hawakuwa vitani. Walichokosa ni kilekile walichokosa ndugu wawili wa mfano wetu.

Kuna pia mtego wa vipimo viwili. Mwaka 1999, chombo cha Marekani kilichotumwa kwenye sayari ya Mars kilipotea kwa sababu timu moja ilihesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine kwa vipimo vya metriki. Kwetu mtego huo uko dukani. Bolti ya nusu inchi ina milimita 12.7, bolti ya milimita 12 inafanana nayo kwa macho, lakini nati ya moja haifungi nyingine vizuri. Vyuma vya China, vya Ulaya na vilivyotoka kwenye magari ya zamani vinauzwa meza moja. Anayeandika “mbili na nusu” bila kusema ni inchi au sentimita amemtegea mwenzake shimo.

Hazina moja, nakala nyingi

Ofisi kubwa za uchoraji na utengenezaji wa vyuma zinatatua tatizo hili kwa kuweka michoro yote kwenye hazina moja ya data. Mtu wa mji wa kwanza na mtu wa mji wa pili wanafungua mchoro uleule. Anayetaka kubadilisha kitu anaushika kwanza. Wengine wanaweza kuutazama lakini hawawezi kuugusa mpaka aurudishe. Kila badiliko linapewa namba, tarehe na jina la aliyelifanya. Mchoro wa zamani haufutwi, unawekwa kando na alama kwamba usitumike tena. Usiku, wakati intaneti haina watu wengi, kila ofisi inapokea nakala mpya ya yaliyobadilika.

Ateliye ya Kamituga haina mtambo wa aina hiyo. Lakini kanuni zake hazihitaji mtambo. Zinahitaji daftari mbili, simu mbili, flashi mbili, na nidhamu.

Kwanza, kila kipande kiwe na jina moja na namba moja kwa miji yote. Mmoja asiite “aksi ya Baba Fulani” wakati mwingine anaita “chuma kirefu”. Andika, kwa mfano, Aksi 3.

Pili, kila mchoro uwe na namba ya badiliko na tarehe. Aksi 3, badiliko la 2, tarehe fulani. Fundi akipiga simu, maneno ya kwanza yawe hayo: “Wewe unashika badiliko la ngapi?” Swali hilo moja lingeokoa rulema za ndugu mdogo.

Tatu, mtu mmoja tu awe na neno la mwisho kwa kila mchoro. Si lazima awe mkubwa kwa umri. Anaweza kuwa wa Bukavu kwa aksi na wa Kamituga kwa pipa. Lakini wawili wakibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kila mmoja kwake, hazina imekufa.

Nne, picha peke yake si mchoro. Picha haina vipimo, na simu inaipotosha kwa pembe. Chora kwa mkono, hata kwa kalamu ya Bic kwenye karatasi ya shule, andika milimita kwa kila upande, kisha piga picha ya karatasi hiyo. Andika pia namba ya rulema, aina ya mkanda, na unene wa tole.

Tano, kila mji uwe na nakala kamili, ya karatasi na ya flashi. Hazina iliyo mahali pamoja tu inaondoka na mahali hapo. Rezo ikikatika wiki mbili, kila upande uendelee na badiliko la mwisho lililokubaliwa, na asiwepo wa kubadilisha mpaka mzungumze. Rezo ikirudi, jambo la kwanza ni kulinganisha daftari, kabla ya kuulizana habari za bei.

Sita, pale inapowezekana, tuma kipimo cha chuma chenyewe: kipande cha tole kilichokatwa kwa umbo sahihi, au pete ambayo aksi lazima ipite. Motari anaweza kukibeba mfukoni. Chuma hakisomwi vibaya.

Siri ya kazi

Mafundi wengi wataleta pingamizi moja, na lina uzito. Nikimpa mwenzangu michoro yangu, ataniacha na kufungua ateliye yake. Vipimo ndivyo mali ya fundi. Kijana anakaa miaka mitano kama mwanafunzi wa kazi, anafagia, anashika tochi, ndipo anaonyeshwa kipimo cha kweli. Hofu hiyo si ya bure. Wapo waliofundisha na kuachwa.

Lakini vita vimebadilisha hesabu. Siri iliyo kichwani mwa mtu mmoja inaweza kupotea kwenye kizuizi cha barabarani, au kwa ugonjwa, au kwa kukimbilia nchi nyingine bila kurudi. Inapopotea, mjane wake hawezi kuiuza na mwanawe hawezi kuirithi. Siri iliyoandikwa na kugawanywa kwa watu wawili wanaoaminiana, kwa makubaliano yaliyo wazi, inaendelea kulisha nyumba.

Makubaliano hayo yaandikwe. Nani ana haki ya kutumia mchoro? Akitengeneza mashine kwa mchoro wa mwenzake, anatuma nini? Pesa kwa simu zinapita pale benki zilipofungwa, na sehemu ndogo ya kila kazi inaweza kwenda kwa familia ya aliyechora, hata kama yeye mwenyewe yuko kambini Burundi. Kwa familia iliyoacha kila kitu, hiyo si sadaka. Ni mshahara wa kazi iliyokwisha fanywa.

Kamituga inajua bei ya karatasi zilizopotea

Mji huu una somo lake kubwa zaidi. Zamani, kampuni ya Minière des Grands Lacs, na baada yake Sominki iliyoundwa mwaka 1976, ilichimba dhahabu hapa kwa mashine na kwa mahandaki ya chini ya ardhi, hasa Mobale. Sominki ilikuwa na vituo vingi: Kamituga na Lugushwa huku Mwenga, Namoya, Kalima na Punia huko Maniema. Kampuni ya namna hiyo haiwezi kufanya kazi bila ramani na michoro inayopita kutoka kituo kimoja hadi kingine. Kazi ya kiwanda ilisimama katika miaka ya 1990, vita vikaja, na maeneo yakapita mikononi mwa Banro ya Canada.

Wachimbaji wa leo wanaingia kwenye ardhi ambayo imekwisha chimbwa na wengine. Mtu anachimba shimo lake bila kuwa na ramani inayomwonyesha handaki la zamani liko wapi na maji yamejaa wapi. Tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa ilifurika mashimo ya machimbo ya Détroit hapa Kamituga, na watu wapatao 50 walihofiwa kufa. Mvua ndiyo iliyoua, na hakuna anayeweza kusema kwamba karatasi ingezuia mvua. Lakini anayeshuka ardhini bila kujua kilicho ubavuni mwake anashuka akiwa kipofu.

Karatasi nyingi za jiolojia ya Kongo za wakati wa ukoloni zimehifadhiwa Ubelgiji, kwenye jumba la makumbusho la Tervuren. Julai 2025 serikali ya Kinshasa ilitia saini makubaliano ya awali na kampuni ya Marekani, KoBold Metals, na habari za jiolojia ya nchi zilikuwa sehemu ya mazungumzo hayo. Kwa hiyo wakubwa wanajua kwamba mchoro wa zamani ni mali. Wanaugombania. Mchimbaji wa Kamituga, ambaye mchoro huo ungemsaidia kurudi nyumbani jioni, hana nakala.

Ateliye zetu zisirudie habari hiyo kwa udogo wake. Zilizo hai leo zinaweza kuandika leo.

Kwa waliofika na kwa waliopokea

Miongoni mwa waliokimbilia Kamituga, Mwenga, Kitutu na vijiji vya jirani, wamo watu waliofanya kazi ya chuma, mbao, umeme na ujenzi mjini. Wengine wanabeba mifuko ya mawe kwa sababu hakuna aliyewauliza walikuwa wakifanya nini. Familia zilizowapokea na wenye ateliye wanaweza kuwauliza. Mtu aliyepoteza vyombo bado ana vipimo kichwani. Akae na kijana mwenye daftari jioni mbili au tatu, avitaje kimoja kimoja, na jina lake liandikwe kwenye kila ukurasa.

Na ambao bado wako Bukavu, Uvira au Bujumbura, na simu zao bado zinashika rezo: tafuteni picha za zamani, ziandikeni upya kwa milimita, ziwekeeni tarehe, zitumeni kwa mwenzenu mnayemwamini. Mkishamaliza, muulize swali moja na msubiri jibu: wewe unashika badiliko la ngapi?